Tenki la mji wetu linavuja: tukarabati au tubomoe?

Katibu_Mpya: Wakuu salaam. Nimechaguliwa juzi kuwa katibu wa chombo cha maji cha mji wetu mdogo, nyanda za juu huku. Kitu cha kwanza kuwekwa mezani ni tenki. Liko kilimani, la zege, duara, upana mita 8, linabeba kama lita 135,000, maji yanaingia kwa mserereko. Wazee wanasema ni la miaka ya 70. Ukutani kuna michirizi myeupe, upande mmoja plasta imebanduka na nondo zinaonekana, zina kutu. Alfajiri vilula (mabomba ya kuchotea maji) vya juu vinakauka. Kuna fundi anasema tubomoe, na makadirio kashaleta. Hela ya akiba haifiki hata nusu yake.

fundi_zege: Huyo fundi kapima nini kabla ya kuandika makadirio? Usiku funga valvu ya kuingiza na ya kutoa, pima kina kwa kijiti, pima tena alfajiri. Kwa upana huo, sentimita 1 ni kama lita 500. Halafu zunguka ukuta na nyundo ndogo, ugonge. Panapolia kama debe tupu, zege limeachana ndani. Ile michirizi ni chokaa inayosukumwa na maji kupitia nyufa, isikutishe sana. Nondo ndizo za kuhofia: kutu huvimba na kupasua zege. Hapo mwite mhandisi wa RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani aje aone.

mama_vilula: Na juu mmepanda? Kwetu tulikuta wavu wa bomba la hewa umetoboka, mijusi imeelea ndani, na watu wanakunywa! Klorini ipimwe kwenye kilula cha mwisho kabisa, isiwe chini ya miligramu 0.2 kwa lita. Mkiingia kusafisha, mtu asishuke peke yake.

Katibu_Mpya: Tumepima. Kwa usiku mmoja limeshuka sentimita 6! Hizo ni ndoo 150. Ina maana fundi alikuwa sahihi?

fundi_zege: Taratibu mkuu. Valvu ya kutoa unaiamini? Simamisha kipande cha nondo juu yake, ncha ya pili weka sikioni. Ukisikia *shiii*, inapitisha. Ukitaka uhakika, fungua koki ya kutolea tope huko chini kwenye bomba kuu, subiri bomba liishe maji. Yasipoisha, valvu ndiyo inayovuja, si ukuta.

Katibu_Mpya: Nimerudi, samahani kwa kimya. Valvu ilikuwa inalia hasa, na koki tuliyofungua chini ikaendelea kutiririka mpaka tukachoka kusubiri. Tumeweka valvu mpya, jana usiku limeshuka sentimita 1 tu. Mhandisi anakuja Alhamisi kwa ajili ya zile nondo. Valvu ya zamani iko chini ya meza yangu, mwenyekiti anataka wananchi waione kwenye mkutano.

mama_vilula: Na wavu?

Katibu_Mpya: Kesho, mama.