Nibadilishe RAV4 kwa Noah iliyotumika, au nijikaze hadi Prado?

Mzazi wa Goba

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba ushauri wa waliokwisha kupita njia hii.

Ninamiliki Toyota RAV4 ya mwaka 2003, injini ya lita mbili ya D4, ambayo imenitumikia vizuri na haina ugonjwa mkubwa isipokuwa kutetemeka kidogo inapowashwa asubuhi. Lakini familia imeizidi. Tuna watoto wanne, mkubwa akiwa kidato cha pili na mdogo akihitaji bado kiti cha mtoto, na sasa mama mkwe anaishi nasi. Tuko saba katika gari la watu watano, na kila Desemba tunakwenda Moshi, safari ya zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam.

Yadi moja imekubali kuichukua RAV4 kwa thamani ya shilingi milioni 11, niongeze milioni 14 nikabidhiwe Toyota Noah ya mwaka 2009 yenye namba D, yaani herufi za usajili wake zinaanza na D. Wakati huohuo kaka yangu ananishawishi nikope, ninunue Prado ya umbo la 120, kwa hoja kwamba njia ya kutoka lami hadi nyumbani kwangu hufanya makorongo wakati wa masika, na Noah itaburuza tumbo. Mke wangu anaipenda Vanguard kwa sababu inafanana na gari tulilozoea na ina viti saba. Je, nyongeza hiyo ni ya haki? Na katika magari hayo matatu, lipi litabeba kweli watu saba bila kunifilisi kwa fundi?

Fundi wa Tegeta

Ndugu Mzazi, nianze na kutetemeka kwa asubuhi, maana kunagusa mjadala mzima. Injini yako, ambayo kiwandani inaitwa 1AZ-FSE, hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa hiyo petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa na kuzisafisha, masizi hujikusanya hapo mwaka baada ya mwaka, na injini inapokuwa baridi huanza kupumua kwa shida. Husafishika, ila fundi lazima afungue njia ya hewa. Kumwaga dawa kwenye tangi hakusaidii sana, kwa sababu dawa hiyo nayo haifiki kwenye vali. Fanya kazi hiyo kabla ya kuipeleka RAV4 kwa mnunuzi yeyote, kwa sababu mnunuzi anayesikia gari likitetemeka hukata bei kuliko gharama halisi ya usafi.

Sasa angalia jambo ambalo watu wengi hawalijui: Noah zilizotengenezwa kuanzia 2001 hadi katikati ya 2007 zilitumia injini hiyohiyo ya D4. Umbo lililotoka Juni 2007, ambalo chesi yake huanza na ZRR70, lilikuja na injini ya 3ZR, ambayo hupitisha petroli kwenye njia ya hewa kwa utaratibu wa kawaida, na haina pampu ile ya presha kubwa ya D4. Kwa hiyo Noah ya 2009 ni hatua mbele, lakini hakikisha ni ya 2009 kweli. Namba D inakuambia gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania, haikuambii lilitengenezwa lini Japani, na nimewahi kuona gari la 2005 likitangazwa kana kwamba ni jipya kwa sababu tu ya herufi za namba yake. Soma bati la chesi kwa macho yako, kisha ulilinganishe na kadi.

Giaboksi yake ni ya CVT, isiyo na gia za kupanda hatua kwa hatua, na hapo ndipo pesa huweza kupotelea. Mafuta yake ni ya aina yake pekee. Ukiweka mafuta ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida unaiua polepole. Muulize mwenye gari mafuta hayo yalibadilishwa lini. Akikujibu kwamba giaboksi hii haibadilishwi mafuta, punguza imani.

Kuhusu Vanguard, nyingi zina injini ya lita 2.4 iitwayo 2AZ-FE. Injini hizo za miaka hiyo zina sifa ya kula oili kutokana na ringi za pistoni, kiasi kwamba Toyota nchini Marekani iliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari yaliyofungwa injini hiyo. Si zote zinakula, lakini usinunue kabla ya kuvuta kijiti cha oili na kutazama moshi baada ya gari kusimama likiunguruma kwa muda.

Mama wa Mbezi

Kaka, sisi tumekuwa na Noah ya umbo hilohilo kwa miaka kadhaa na tuna watoto watano, kwa hiyo nitasema mambo ambayo mafundi huyaruka.

Usihesabu viti, hesabu watu wakiwa wamekaa na mizigo ikiwa ndani. Prado ya umbo la 120 ina viti vya nyuma vinavyokunjwa na kuning'inia ubavuni. Ukivifungua, nafasi ya mabegi karibu inakwisha yote, na mtu mzima anayekaa huko magoti yake yanamfikia kifuani. Vanguard ni hivyohivyo, safu yake ya tatu inawafaa watoto wadogo kwa mwendo wa mjini. Kijana wako wa kidato cha pili hataistahimili hadi Moshi; mtafika Segera ameshaomba kubadilishana nafasi na mdogo wake. Katika Noah mtu mzima hukaa nyuma bila kulalamika, ingawa hata humo nyuma ya safu ya tatu hubaki nafasi nyembamba tu, na kwa safari ya Desemba mtalazimika kufunga keria. Vitu vizito viwe chini, miguuni mwa abiria, na juu ya keria viwe vyepesi, kwa sababu gari refu lililobebeshwa juu huyumba vibaya kwenye upepo wa maeneo ya Same.

Kwa mama mkwe, mlango wa kuteleza na sakafu iliyo chini ni neema. Mama yangu ana maumivu ya magoti, na kumpandisha kwenye Prado la mjomba wangu hugeuka kuwa shughuli ya watu wawili. Huu pekee ungetosha kunifanya niamue.

Angalia pia mikanda ya safu ya tatu. Yadi nyingi huacha viti vya nyuma vimekunjwa, hakuna anayevifungua, na ukifika nyumbani unakuta ndimi za mikanda zimezama chini ya viti au hazivutiki. Mkanda wa katikati, katika Noah nyingi za zamani, ni wa kiunoni tu, kwa hiyo kiti cha mtoto kifunge safu ya pili. Na washeni kiyoyozi cha nyuma mkiwa mmesimama juani, si asubuhi.

Kuhusu makorongo, kaka yako ana haki kiasi. Noah iko chini kuliko RAV4, na bampa la mbele ndilo hugusa kwanza. Sisi tulijifunza kuingia shimoni kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, na kuteremsha watoto wakubwa penye korongo kubwa. Siku chache za masika tunaliacha gari kwa jirani aliye karibu na lami.

Fundi wa Tegeta

Niongezee hapo kwa dada. Atatokea mtu wa kukwambia uiinue Noah kwa kuweka spesa juu ya springi. Spesa nyembamba haina madhara makubwa, lakini ukizidisha, mihimili inayozungusha magurudumu ya mbele hukaa kwa pembe isiyokusudiwa na jointi zake huanza kugonga unapokata kona. Ni heri ununue shokapu na springi imara zinazolingana na uzito wa watu saba.

Msomaji wa Mombasa

Salamu kutoka pwani ya Kenya. Huku kwetu sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo Noah na Voxy (pacha wa Noah) za yadini ni za miaka ya karibuni na bei zake ni kali, jambo linalowafanya wengi wanunue la mtu aliyelitumia humuhumu nchini. Nakubaliana na fundi juu ya injini. Ila nisingeipuuza Vanguard moja kwa moja: kama ingekuwa watoto wote ni wadogo, kimo chake kutoka ardhini kingeifaa njia ya Goba. Kwa familia yenye kijana na bibi, hapana.

Karani wa Mikataba

Ndugu Mzazi, swali lako la kwanza halijajibiwa, nalo ndilo lenye pesa. Katika biashara ya kubadilishana, thamani wanayoipa RAV4 yako haina maana peke yake, kwa kuwa muuzaji anaweza kuipandisha apendavyo kisha akaifidia kwenye bei ya Noah. Mtume mtu mwingine akaulizie Noah hiyohiyo kwa fedha taslimu, bila kutaja kubadilishana. Tofauti kati ya bei atakayopewa na milioni 25 wanayokuhesabia wewe ndiyo utakayoiondoa kwenye milioni 11 kupata bei ambayo RAV4 inanunuliwa kweli.

La pili ni umiliki. Baadhi ya yadi hupokea gari la mteja, humsainisha mkataba wenye nafasi ya mnunuzi ikiwa wazi, na huliacha katika jina lake hadi litakapopata mteja mwingine. Muda huo wote gari linatembea kwa jina lako, na faini za barabarani pamoja na madeni ya maegesho ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) yanaandikwa kwenye namba ya gari ambalo kwenye mfumo bado ni lako. Dai uhamisho TRA (mamlaka ya mapato) ufanyike siku ya makabidhiano, au angalau mkataba wenye jina la mnunuzi, tarehe na saa ya kukabidhi, uliosainiwa mbele ya wakili. Na wewe kabla ya kulipa, kagua madeni ya aina hizo mbili kwa namba ya Noah, ukague na stika ya bima.

La tatu, uliza gari lilikuwa la nani. Mikoani Noah nyingi zimefanya kazi ya abiria, na kubadilisha namba nyeupe ya biashara kuwa ya njano ya binafsi hakufuti uchovu uliokwisha kuingia. Tazama ngazi ya mlango wa abiria na reli zake za kuteleza, kisha mashimo ya skrubu sakafuni ambako viti vya ziada vilifungwa.

Mzazi wa Goba

Nawashukuru sana. Nilimtuma shemeji yangu, akaambiwa Noah hiyo ni milioni 22 na nusu kwa fedha taslimu. Kumbe RAV4 yangu wanainunua kwa milioni 8 na nusu, ilhali jirani ameahidi milioni 12 nikimaliza kusafisha hiyo njia ya hewa. Prado tumeiacha, mke wangu alisoma habari ya magoti na mjadala ukaisha. Swali lililobaki: kuna faida ya kuagiza Noah mwenyewe kutoka Japani badala ya hii?

Karani wa Mikataba

Kwa gari la umri huo, sidhani. Injini inayozidi lita moja lakini isiyozidi lita mbili hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, wakati Prado ya lita 2.7 ingetozwa asilimia 10, na hilo ni jema kwako. Lakini gari la abiria lenye zaidi ya miaka 10 huongezewa asilimia 30 kwa ajili ya uchakavu, na la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, juu ya ushuru wa forodha na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18. Ingiza mwaka na aina ya gari kwenye kikokotoo cha TRA uone mwenyewe. Anayeagiza hupata nafuu ya kujua historia ya gari, si ya bei, na wewe familia inasubiri. Muuzie jirani, kisha urudi yadini na fedha taslimu, ukianzia chini ya hiyo 22 na nusu.

Fundi wa Tegeta

Na ukirudi, nenda na familia yote. Yadi ikikataa gari lijaribiwe likiwa na watu saba, ondoka. Wakae wote, kiyoyozi cha nyuma kiwake, kisha upande mwinuko mrefu kwa mwendo wa pole bila kukanyaga ghafla. CVT iliyochoka hutetema au kuvuma hapo, na mshale wa mwendo hupanda taratibu wakati ule wa mizunguko ya injini unaruka juu. Ikipanda kimya, shuka utazame chini kama kuna oili inayodondoka, kisha ipelekwe kwa fundi wako, si wa yadi, akaisome kwa mashine kabla hujatoa hata malipo ya awali.