IRP1 inazuia feritini lakini inaongeza kipokezi cha transferini. Inawezekanaje?

Mpima_Damu: Wakuu, habari za jioni. Nasoma diploma ya maabara, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba chuma kikipungua ndani ya seli, protini ya IRP1 inashika RNA (nakala ya jeni inayosomwa kutengeneza protini) ya feritini, ile protini inayohifadhi chuma, na feritini haitengenezwi. Sawa. Ila IRP1 hiyohiyo ikishika RNA ya kipokezi cha transferini, yaani mlango wa seli wa kuingizia chuma, kipokezi kinaongezeka! Protini ni moja na kipande inachoshika ni cha aina moja. Mwalimu kasema nikariri tu. Sitaki.

Bi_Hadubini: Mdogo wangu, angalia kipande kimekaa wapi. Ni RNA iliyojikunja kama pini ya nywele, nukleotidi 30 hivi. Kwenye feritini kiko mwanzoni, jirani kabisa na kofia ya RNA, pale sehemu ndogo ya ribosomu, mashine inayosoma RNA na kutengeneza protini, inapopandia. IRP1 ikikaa hapo, ribosomu haina pa kukanyaga. RNA yenyewe nzima, ila haisomwi. Chuma kikirudi inasomwa palepale, bila kungoja jeni inakiliwe upya.

Kwenye kipokezi pini ziko 5, zote mkiani, baada ya ujumbe kwisha. Huko ribosomu haisumbuliwi na mtu. Ila mkia huo ndiko vimeng'enya vinakoanzia kukata RNA. IRP1 ikiukalia, haukatwi, RNA inadumu, na vipokezi vinazidi kutengenezwa.

Sasa utamu wenyewe: IRP1 inajuaje kwamba chuma kimepungua? Chuma kikitosha, ndani yake imebeba kifungu cha atomu 4 za chuma na 4 za salfa, na hapo haina habari na RNA. Ni kimeng'enya kiitwacho akonitasi, inageuza sitrati kuwa isositrati! Chuma kikiadimika kifungu kinatoka, na RNA inapata pa kuingia. Mwenzake IRP2 haina kifungu hicho. Chuma kikiwa kingi inavunjwavunjwa tu.

Zamu_ya_Usiku: Bi Hadubini, hayo ya kitabuni. Wodini napokea mtoto wa miaka 3 ana malaria, viganja vyeupe, hemoglobini 6, halafu feritini iko juu. IRP zimelala?

Bi_Hadubini: Hazijalala, daktari, zinasoma chuma cha seli zilimo. Kwenye maambukizi seli za kinga zinatoa interlukini-6. Ini likipata ishara hiyo linamwaga homoni ya hepsidini, na hepsidini inaondoa feropotini, njia pekee ya chuma kutoka kwenye seli. Chuma kinakwama ndani ya makrofaji (seli za kinga zinazosaga chembe nyekundu zilizochakaa) huku uboho unaotengeneza damu una njaa. Makrofaji imejaa, kwa hiyo IRP zinaiachia RNA ya feritini. Juu yake, ishara za kinga zinaiwasha jeni ya feritini zenyewe. Ndiyo maana WHO, kwa watoto chini ya miaka 5, inaweka kikomo cha upungufu wa chuma kuwa feritini mikrogramu 12 kwa lita kwa mtoto asiye na maambukizi, na 30 akiwa nayo. Feritini bila CRP (kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe au maambukizi) pembeni mimi siiamini kwa mtoto mwenye homa.

Tena kuna familia zenye hitilafu kwenye pini ya feritini yenyewe. IRP haishiki vizuri, feritini iko juu maisha yote ingawa chuma hakijazidi, na mtoto wa jicho anawapata mapema.

Mpima_Damu: Asante sana, dada. Ila mtoto wa jicho tena? Feritini na macho wapi na wapi?

Bi_Hadubini: Inarundikana ndani ya lenzi mpaka inafanya fuwele, na fuwele zinatawanya mwanga.