Pesa za chama 36,000, mume hana kazi, mji umefungwa: niziweke wapi?

Bi_Mahamri (14 Juni 2020)

Assalam aleikum, na wasiojibu salamu hiyo hamjambo. Naishi Kibokoni, Mombasa. Nyumbani tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mavyaa. Mume ni mpishi msaidizi kwenye hoteli moja ya Nyali. Aprili walimpa nusu mshahara, Mei wakamwambia akae nyumbani bila malipo mpaka aitwe. Mimi nauza mahamri na viazi karai. Mtaa wetu ulipozingirwa kwa sababu ya corona tarehe 6 Mei, wateja wangu wa nje walikatika mwezi mzima, na hata baada ya kufunguliwa juma lililopita hawajarudi nusu.

Chama chetu cha akina mama tumekivunja. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuendelea kuweka, kwa hiyo kila mmoja kachukua chake. Changu ni 36,000. Dukani nadaiwa 7,850, na kodi imebaki nyuma 9,500. Mume anataka tununue gunia la mchele, la ngano, na dumu la mafuta la lita 20. Asema chakula kikiwa ndani hata tukifungiwa tena hatuna wasiwasi. Mimi roho yanituma niziweke zisiguswe. Siku tatu sasa twavutana.

Lakini kuna jambo jingine linalonikosesha usingizi. Nina daftari naandika kila kinachotoka. Februari chakula kilikuwa 12,400. Nauli ya mume 2,600. Nauli ya watoto na visenti vyao vya mabuyu na achari, 2,100. Sasa shule zimefungwa tangu Machi, mume hapandi matatu, hizo 4,700 hazitoki tena. Harusi hakuna, michango hakuna, leso mpya sikununua hata Idd. Nikadhani hapa ndipo nitaweka akiba. Mei chakula kikafika 18,900! Nakosea wapi?

Shangazi_wa_Kisauni

Waaleikum salaam mwanangu. Pole sana, na usijilaumu.

Kuhusu gunia nitakwambia yaliyonipata. Mgonjwa wa kwanza wa corona alipotangazwa tarehe 13 Machi, nami nilikimbia na wengine. Nikanunua mchele kilo 25, sukari kilo 10, mafuta dumu zima. Nilipokuwa nikinunua kilo mbili mbili, nilikuwa napima kwa kikombe na kukisawazisha kwa kidole. Gunia lilipokaa pembeni mwa jiko, kikombe kikaacha kusawazishwa. Wali ukabaki sufuriani, ukawa wa kumwaga. Mafuta ndiyo yaliisha kabisa sikujua vipi, kila jioni mtoto ataka chipsi na dumu laonekana limejaa. Nilikusudia miezi miwili, sikumaliza wiki tano.

Wanaosema kununua kadogo ni hasara wamesema kweli kwa hesabu ya bei. Lakini kadogo kana breki yake. Ukinunua kwa wingi, siku hiyo hiyo ugawe kwenye mifuko ya wiki, ufunge, uandike tarehe. Usipoweza hivyo, usinunue.

Mkaguzi_Mstaafu

Bi Mahamri, nakupongeza kwa daftari, wengi hawana. Ila unalinganisha Februari na Mei, na sehemu kubwa ya Mei ilikuwa Ramadhani. Futari na daku ni hesabu yake peke yake, na kuna sahani za kupelekeana na majirani. Hebu tazama Juni mpaka leo ndipo tuzungumze.

Bi_Mahamri

Kweli mzee wangu, sikufikiria hilo. Nimejumlisha sasa hivi. Tarehe 1 hadi 14 Juni, chakula ni 8,150. Na hapo hakuna futari.

Mkaguzi_Mstaafu

Basi mwezi mzima utafika kama 17,400. Toa 12,400 za Februari, zabaki 5,000. Nauli na visenti ulivyoviokoa ni 4,700. Pesa zako hazijapotea dada, zimehama kutoka kwenye matatu zikaingia jikoni. Mume alikuwa akila wapi mchana?

Bi_Mahamri

Kazini, bure. Hata chai ya saa nne alikuwa akipewa huko. Na watoto shuleni walikuwa wakipewa uji. Sasa wote sita wanakula hapa mara tatu, na mtoto wa kiume ana umri wa kula kila akipita jikoni. Gesi pia, mtungi wa kilo 6 ulikuwa ukinipeleka wiki tano, sasa tatu.

Mkaguzi_Mstaafu

Hilo ndilo jibu lako la kwanza. Matumizi ya nyumba hayakupanda kwa uzembe. Mshahara wa mumeo ulikuwa na chakula ndani yake ambacho hamkuwahi kukiandika, na kilipokatika mkakikuta jikoni. Kwa hiyo usitarajie nauli igeuke akiba.

Karani_Kayole

Mimi niko Nairobi, kazi ninayo bado, Mungu ashukuriwe, lakini nataka kuongeza jambo. Tangu Aprili serikali ilipopunguza kodi ya mshahara, mimi wa 31,000 napata kama 1,900 zaidi kila mwezi. Muulizeni mke wangu kama kaiona. Nilipofuatilia kwenye simu nikakuta Mei nimetuma pesa mara 14. Mia mbili kwa binamu, mia tatu kwa jirani wa kijijini, mia tano kwa rafiki aliyefungiwa upande wa pili wa kizuizi. Jumla 4,600! Zamani ada ya kutuma ilinifanya nifikiri mara mbili. Tangu Machi 2020 kutuma hadi 1,000 kumefanywa bure kwa muda, na mkono umekuwa mwepesi.

Sisemi tusisaidiane, wakati kama huu ndio wa kusaidiana. Lakini sasa nina siku moja tu kwa mwezi ya kutuma, na kiasi nimekubaliana na mke wangu. Anayeomba katikati ya mwezi namwambia tarehe. Dada, angalia pia upande huo, hasa ndugu wakisikia chama kimevunjwa.

Mwana_Likoni

Kwangu mimi lipa kodi yote leo. Paa kwanza. Zilizobaki weka Sacco zikupe mkopo baadaye.

Shangazi_wa_Kisauni

Nakupinga ndugu yangu. Akiba ya Sacco huitoi mpaka ujitoe uanachama, na yeye anahitaji pesa anayoweza kuifikia mtoto akiugua usiku. Na kodi yote ya nini ikiwa mwenye nyumba anaongea naye vizuri? Mpe sehemu, aone nia. Lakini mwenye duka asikose kitu. Daftari la dukani ndilo bima ya maskini. Siku utakapokuwa huna kabisa, ni yeye atakayekupa unga wala hataulizia hati.

Karani_Kayole

Zilizobaki zifungie kwenye akaunti ya simu, ile ya kuweka kwa miezi bila kutoa.

Bi_Mahamri

Ile inatoa riba, mume hataki na mimi sitaki. Hapo msinilazimishe.

Karani_Kayole

Samahani dada, sikukusudia kukukwaza.

Mkaguzi_Mstaafu

Haina haja ya benki. Gawanya katika bahasha za mwezi mmoja mmoja, kisha mpe mtu asiye na haraka azihifadhi. Na mume ashike kalamu ya daftari wiki mbili. Aliyezoea kuleta mshahara akikaa tu nyumbani huumia, na gunia analolitaka huenda ndiyo njia yake ya kuona bado anailisha nyumba. Akiandika mwenyewe kila shilingi mtoto anayotumwa nayo dukani, hamtavutana tena, mtahesabu pamoja.

Bi_Mahamri (17 Juni)

Nimerudi. Nilimsomea mume majibu yenu yote jana usiku baada ya Isha. Aliposikia maneno ya mzee kuhusu gunia alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba daftari.

Tumefanya hivi. Duka 4,000, mwenyewe akapiga mstari mbele yangu, zimebaki 3,850. Kodi 5,000, na mwenye nyumba kakubali iliyobaki tulipe kidogo kidogo. Shilingi 3,000 tumenunua ngano na mafuta ya biashara tu, yamekaa chumbani kwetu, si jikoni. Zimebaki 24,000, tumezitia bahasha nne za 6,000, Julai hadi Oktoba. Sanduku analo mavyaa, ufunguo ninao mimi. Mume ameanza kukaanga viazi karai alfajiri. Ana mkono mzuri kunishinda, na leo vimekwisha kabla ya saa tatu asubuhi. Mwenye ushauri wa kuuza kwa oda za simu bila kupata hasara ya tuktuk, naomba.