Mrejesho: stempu ya kucha juu ya jeli, imekubali (isipokuwa kidole gumba)

Jamani asanteni. Niliuliza kwa nini mchoro wa stempu (ule unaochukuliwa kwenye sahani yenye michoro kwa mpira wa silikoni, kisha unagongwa kwenye kucha) unachafuka nikipaka topu koti ya jeli, yaani ule mpako wa juu wa mwisho unaokaushwa kwa taa. Saluni yangu iko Kirumba, Mwanza.

Kilichosaidia ni ushauri wa yule dada aliyesema nifute ule unato wa jeli kwa spiriti baada ya taa, ndipo nigonge mchoro. Nauacha ukauke kabisa, kisha topu koti naipitisha nzito kidogo, brashi isiukwaruze mchoro. Rangi nyeusi ya mchoro haitambai tena. Na feni izimwe! Kwa joto la hapa ni mateso, ila ikiwaka, rangi inakaukia kwenye sahani kabla hujaikwangua.

Kusafisha mpira wa silikoni kwa seloteipu badala ya asetoni: safi sana, bado unashika mchoro vizuri.

Kilichogoma ni kidole gumba, mchoro haufiki pembeni hata nikibiringisha. Na mteja mmoja, muuza dagaa pale Mwaloni, alirudi topu koti imebanduka nchani. Kwa wanaoshika maji kutwa, sasa mchoro nauishiza kabla ya ncha, ncha naiziba kwa topu koti tupu. Hilo bado naliangalia.