Msaada kutambua vyuma hivi vya magari ya zamani, kimoja kimenipiga shoti

Mjukuu_wa_Stoo
Wakuu habari zenu. Babu yetu alikuwa mtu wa kuokota okota vyuma, chochote alichokuta kinatupwa yeye anabeba, sasa baada ya kufariki mimi ndo nimepewa kazi ya kusafisha stoo na chini ya meza yake nimekuta kreti limejaa makorokoro, grisi imeganda mpaka imekuwa gundi. Vingi ni bolti na spana tu ila vitatu vimenishinda.

Cha kwanza kizito kama tofali, kina sumaku zimekunjwa kama kwato la farasi zimepangwa bega kwa bega, upande mmoja kina kashafti kamechongoka, upande wa pili kifuniko cheusi chenye matundu ya waya, ni manne au sita sijui maana mengine yamezibwa na uchafu. Nikazungusha shafti kwa mkono huku kidole kipo kwenye tundu, jamani nilikirusha chini. Betri hakina, umeme umetoka wapi??

Cha pili kiboksi cha mbao, kona zimeunganishwa kwa meno meno kama droo za kizamani, juu kuna kibati kinachezacheza, ubavuni vidoti viwili vya shaba na chini kimoja.

Cha tatu kama kopo la shaba la ghorofa mbili, juu kina koki ndogo ya kufungulia na pembeni kina kibomba.

Ni vya gari gani na la mwaka gani? Picha zinagoma kupanda.

Turubo_Kavu
Hiyo ya kwanza dainamo ya pikipiki mkuu, peleka chuma chakavu ukanywe soda 😂

FundiMstaafu
Usipeleke popote kijana. Dainamo haikupigi shoti ya namna hiyo kwa kuzungusha na mkono. Hiyo ni magneto, kifaa kinachojizalishia umeme wa cheche za injini, na kwa vile imekurusha ni ile ya umeme mkubwa, jamaa wa Bosch anaitwa Gottlob Honold ndo aliyeifanya ikafanya kazi vizuri mwaka 1902. Ndani ya zile sumaku kuna kiini kimeviringwa waya wa aina mbili, mmoja mnene raundi chache, mwingine mwembamba kama unywele raundi maelfu, kiini kikizunguka katikati ya sumaku umeme unazaliwa, pointi (vile vidoti viwili vya chuma vinavyogusana) zikiachana unaruka mpaka kwenye plagi. Ndo maana magari ya enzi hizo yaliwaka bila betri. Pole kwa kidole ila hiyo ni habari njema, koili yako nzima.

Sasa swali la "gari gani" liweke pembeni kwanza maana magneto moja ilifungwa kwenye magari, matrekta, maboti na hata injini za kusukuma pampu. Anza na silinda ngapi. Usihangaike na matundu, fungua kile kifuniko cheusi tu, tazama kibrashi cha ndani, zungusha shafti ukihesabu. Shafti ikizunguka mara 2 brashi ikamaliza raundi 1 hiyo ni ya silinda 4, ikizunguka mara 3 hiyo ni ya silinda 6. Meno ya gia hayadanganyi hata kama mtu alishabadilisha kifuniko.

Halafu zungusha polepole kabisa usikilize. Ukisikia "ta!" kama springi imefyatuka mara nyingi hiyo ni ya trekta au injini ya kusimama, ile springi ni ya kuirusha kwa kasi wakati wa kuwasha. Kama hamna mlio ila nyuma kuna kiwiko kinachosogea kulia kushoto, hapo gari linanukia, dereva alikuwa anawahisha au kuchelewesha moto wa plagi kwa kimkono kilichopo kwenye usukani. Pima pia kutoka kitako hadi katikati ya shafti, milimita 45 ndo saizi ya kawaida ya magari.

Hicho kiboksi cha mbao sihitaji hata picha, ni koili ya Ford Model T (1908 mpaka 1927). Zilikaa nne kwenye sanduku moja, kila silinda na yake, kile kibati kinatetemeka zzzzz wakati wa kazi. Ndani imejazwa lami.

Turubo_Kavu
Haya nimekubali yaishe. Ila cha tatu nakijua, hilo ni tangi la vakyumu la kuvuta petroli kutoka nyuma ya gari, Stewart walitengeneza mengi sana.

BintiGereji
@Turubo_Kavu tangi la vakyumu halina ghorofa za kuonekana nje kaka, chemba zake ziko moja ndani ya nyingine na kwa juu lina mabomba, sio koki ya kudondosha matone. Mi nasema hicho ni kitengeneza gesi cha taa za gari. Maji juu, kabaidi chini, maji yanadondoka tone tone juu ya mawe ya kabaidi inatoka gesi ya asetilini inaenda kwenye taa za mbele. Kabla umeme haujazoea kukaa kwenye magari ndo taa zilikuwa hizo. Mjukuu chungulia chemba ya chini, ukikuta unga mweupe mkavu kama chokaa kesi imeisha, kabaidi ikishakwisha inaacha chokaa.

Na tafadhali weka mbali brashi ya waya!! Watu wanasugua mpaka kibao cha jina kinabaki kiwembe halafu wanakuja kuuliza ni cha mwaka gani. Tumia mafuta ya taa na mswaki uliochoka. Unachotafuta ni herufi ndogo ndogo za hataza (haki ya mvumbuzi): DRP au DRGM ni Ujerumani, SGDG ni Ufaransa. Ukikuta namba ya hataza ya Marekani, iliyofika milioni moja ilitolewa Agosti 1911, kwa hiyo namba ikizidi hapo chuma chako hakiwezi kuwa cha kabla ya hiyo. Na kama ni Bosch angalia ile nembo ya duara yenye kiini katikati, imeanza 1918. Ukikuta nembo hiyo usimwambie mtu ni ya 1905.

Mjukuu_wa_Stoo
Daah asanteni. Nimerudi na majibu. Brashi inazunguka mara 1 kwa 3 za shafti kwa hiyo silinda SITA, na nimesafisha matundu kwa njiti ni sita kweli. Mlio hamna, kiwiko kipo ila kimeganda. Kitako hadi shafti nimepata 45 kasoro kidogo kwa rula ya shule. Kopo lina unga mweupe tele. Kwa hiyo Model T silinda sita?

FundiMstaafu
Hapana, Model T ilikuwa silinda 4 zote, na sumaku zake 16 zimefungwa kwenye flaiwili yenyewe (lile gurudumu zito la injini). Babu yako aliokota kwenye magari tofauti, usilazimishe vyuma vyote viwe ndugu. Magneto ya silinda 6 ilikuwa ya gari la wenye nazo. Mshale upo kwenye kifuniko upande wa shafti, tuambie unaelekea wapi. Ila kiini usikitoe! Kikitoka bila kuunganisha ncha za sumaku kwa kipande cha chuma, sumaku zinapungua nguvu.

Mjukuu_wa_Stoo
Sijagusa kiini. Mshale nitautafuta usiku, saa hizi vyote nimevianika juani toka asubuhi na ile koili ya mbao naona imeanza kutoa machozi meusi kwenye kona.

BintiGereji
ITOE JUANI hiyo ni lami inayeyuka!! Iweke kivulini isimame hivyo hivyo usiilaze