Mrejesho: programu ya zamani sasa inasomeka
Ndugu zangu, niliuliza juu ya programu ya hesabu za duka letu hapa Lamu, ambayo maandishi yake yalikuwa madogo mithili ya sisimizi tangu tuihamishie kwenye laptopu mpya yenye skrini ya pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 3840 kwa 2160. Kupunguza pikseli za skrini, kama mmoja wenu alivyoshauri, kulikuza herufi lakini kulitia ukungu kila kitu kingine, nikarudisha. Kilichofaa ni kubofya ikoni ya programu kwa kitufe cha kulia, kufungua sifa zake, na katika sehemu ya upatanifu (Compatibility) kuiachia Windows yenyewe kazi ya kukuza, kwa kuwa programu hii, iliyoandikwa zama za skrini za nukta 96 tu kwa inchi, ilijitangaza kuwa inajua kujikuza, kumbe haijui.

Windows ina machaguo mawili ya kufanya ukuzaji huo: la kwanza lilivuta dirisha lote kama picha, herufi zikafifia. La pili, lililoboreshwa, lililoletwa katika Windows 10 mwaka 2017, lilizichora upya zikawa kali, ingawa vitufe vyenye picha vingali na ukungu kidogo. Mjomba, ambaye ndiye mshika hesabu, ameshairudisha lenzi yake mkobani.