Madaktari wamejaa mtaani hawana ajira, vijijini hakuna daktari. Tatizo liko wapi?

Mwanakatavi: Wakuu habari zenu, naombeni mnieleweshe. Huku kwetu kituo cha afya kimejengwa vizuri hadi jengo la upasuaji lipo, ila daktari hakuna, yupo tabibu mmoja wa diploma na manesi, mama akipata uchungu pingamizi usiku ni kutafuta gari mpaka Mpanda na barabara zetu mnazijua. Halafu nikienda Dar nakuta vijana wana MD (shahada ya udaktari) wanauza duka la dawa. Kwani madaktari hawatoshi au vipi?

Dokta_mtaani: Mkuu kusoma tunasoma, miaka mitano na mwaka mmoja wa intern, yani mafunzo kazini hospitalini, na siku hizi sio Muhimbili tu, kuna Bugando, KCMC, UDOM. Kinachokwama ni vibali vya ajira. Kumbuka 2017, tulitaka kupeleka madaktari 500 Kenya baada ya ule mgomo mrefu wa madaktari wao, mahakama yao ikazuia, Magufuli akaagiza wale 258 walioomba waajiriwe hapahapa. Yani watu walikuwepo siku zote, fungu la mishahara ndo halikuwepo.

Pembezoni: Ajira peke yake haitoshi ndugu zangu. Niko halmashauri ya mbali, daktari anapangiwa, anaripoti, haujapita muda anasaka uhamisho na mi simlaumu, nyumba ya mtumishi hamna, posho ya on-call inachelewa, mwenza wake kazi iko mjini, akipata kesi ngumu saa nane usiku hana wa kumuuliza na akiomba kwenda kusomea ubingwa barua inalala mezani. Mpe nyumba na mkataba unaoeleweka, akikaa miaka mitatu aende ubingwa huku analipwa, utaona kama atakimbia.

Binti Namtumbo: Msiwasahau AMO jamani!! Tangu miaka ya 60 hao madaktari wasaidizi ndo wamefanya upasuaji wa uzazi wilayani, wengi walianza kama matabibu hukohuko, wana mashamba na familia zao, wahamie wapi? Halmashauri zisomeshe watoto wa hukohuko.

Mwanakatavi: Asanteni sana, hili la kusomesha wetu nalipeleka kwa diwani. Na huyu tabibu wetu njia ya kufika MD anayo?

Dokta_mtaani: Anayo, diploma ya utabibu inakubalika kama sifa linganishi, yani badala ya kidato cha sita, ila waangalie na ufaulu, asome mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwanza. Na ruhusa ya mwajiri aombe mapema, hapo ndo wengi wanakwamia.